Saa Nne na Ushee Bila Kisa: Opera Ndefu Mbele ya Watazamaji wa Mbeya

Watu wanapoambiwa kwamba kuna onyesho la jukwaani linalochukua karibu saa tano mfululizo, lisilo na kisa wala mapumziko, ambalo waimbaji wake kwa sehemu kubwa wanaimba namba na majina ya nota, swali la kwanza huwa ni nani atakayekaa muda wote huo. Swali hilo lina uzito London au New York, ambako mtu hukata tiketi ya jioni akijua kwamba kabla ya usiku wa manane atakuwa kwenye basi la kurudi nyumbani. Hapa Mbeya sidhani kama linatuhusu sana. Ni nadra kumpata mtu mzima wa Nyanda za Juu Kusini ambaye hajawahi kukaa kwenye sendofu tangu saa kumi na mbili jioni hadi usiku mkubwa, au kukesha kanisani mwisho wa mwaka, au kulala msibani. Urefu tumeuzoea. Kilichotutatiza wengi wetu siku rekodi ya opera ya Einstein on the Beach ilipoonyeshwa katika ukumbi mmoja mjini kwetu kilikuwa kingine, nacho ndicho ninachotaka kukichambua: tulikuwa tumeketi mbele ya kitu kirefu ambacho hakikutudai chochote.

Kazi yenyewe ilitungwa na Wamarekani wawili, mtunzi wa muziki Philip Glass na mwongozaji Robert Wilson, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Avignon, kusini mwa Ufaransa, tarehe 25 Julai 1976. (Msomaji wa Mbeya ana sababu nyingine ya kuukumbuka mwezi huo: ndio mwezi ambao reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia. Picha kubwa ya kwanza katika opera hii, kwa bahati tu, ni treni.) Novemba ya mwaka huohuo ilipelekwa New York, kwenye jukwaa la Metropolitan Opera, ambalo wenyewe walilikodi kwa Jumapili mbili. Tiketi ziliisha, lakini gharama zilipita mapato, na Glass akarudi kuendesha teksi, kazi aliyoendelea nayo hadi mwaka 1978. Waasisi hao waliirudisha jukwaani mwaka 1984, kisha 1992, na mara ya mwisho katika ziara ndefu iliyoanza mwaka 2012. Rekodi tuliyoitazama sisi ilichukuliwa Paris, katika ukumbi wa Châtelet, mwanzoni mwa mwaka 2014, wakati wa ziara hiyo. Wilson alifariki Julai 2025 akiwa na umri wa miaka 83.

Asiyeiona asitarajie masimulizi ya maisha ya mwanafizikia Albert Einstein. Kuna matendo manne, na kabla, kati na baada yake kuna vipande vitano vifupi ambavyo Wilson aliviita magoti, kwa kuwa kazi yake ni kuunga kiungo na kiungo. Picha zinazojirudia ni tatu: treni, mahakama, na uwanja ambao juu yake kinapita chombo cha angani. Einstein mwenyewe anawakilishwa na mpiga fidla mwenye nywele nyeupe zilizotimka, aliyeketi kati ya wapiga ala na jukwaa, akitazama mambo yakipita kama sisi tulivyokuwa tukiyatazama. Glass alitunga muziki huku michoro ya Wilson ikiwa mbele yake kwenye piano, yaani picha ilitangulia na sauti ikafuata. Maneno machache yaliyomo yaliandikwa na watu watatu tofauti, mmojawao Christopher Knowles, aliyekuwa bado kijana mdogo na aliyezaliwa na tatizo la ubongo, ambaye maandishi yake hurudia na kupanga maneno kwa namna inayokaribiana mno na muziki wenyewe. Wengine ni mchezaji dansi Lucinda Childs na mzee Samuel Johnson, aliyekuwa pia mwigizaji katika onyesho la mwanzo.

Kwa kuwa hakuna mapumziko, watunzi walitangaza tangu mwanzo kwamba mtazamaji yuko huru kutoka na kuingia apendavyo. Wengi walioandika kuhusu opera hii wanalitaja jambo hilo kama uasi dhidi ya desturi, na ni kweli, ila ni uasi dhidi ya desturi changa. Ukumbi wa kwanza wa opera uliokuwa wazi kwa yeyote mwenye kiingilio ulifunguliwa Venice mwaka 1637, na kwa karne mbili zilizofuata watu wa Ulaya walikula, walicheza karata, walipiga soga na kupatana mambo ya ndoa ndani ya kumbi hizo, wakinyamaza pale tu mwimbaji mashuhuri alipofikia wimbo wake. Kukaa gizani kimya, macho mbele, kana kwamba uko ibadani, kulishika mizizi katika karne ya 19, na aliyekufikisha kileleni ni Richard Wagner, aliyefungua ukumbi wake wa Bayreuth mwaka 1876 kwa mfululizo wa opera nne zenye takriban saa 15 kwa jumla, taa za watazamaji zikiwa zimefifishwa na orkestra imefichwa chini ya jukwaa. Miaka 100 kamili baadaye Glass na Wilson wakaufungua tena mlango. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba opera ni sanaa ya watu walionyamaza kwa adabu, tunaambiwa habari za kipindi kifupi tu cha historia yake.

Waandaaji wetu, vijana wachache wanaopenda muziki na kuuchunguza, waliuheshimu uamuzi huo. Ilikuwa Jumamosi ya Julai, baridi ya Mbeya ikiwa kazini na mlima Loleza hauonekani kwa ukungu. Walianza saa nane mchana, wakaacha milango miwili wazi, wakaweka meza yenye chupa za chai na maandazi nje ya mlango mmoja, na kabla ya kuwasha projekta wakatangaza kwamba kutoka si kosa. Walikuwa wamewaalika pia wanakwaya wa makanisa mawili, na uamuzi huo ndio uliookoa alasiri ile.

Muziki wa goti la kwanza huanza watu wakiwa bado wanaingia. Kinanda kinashikilia sauti tatu za besi, moja baada ya nyingine, na kuzirudia. Wanawake wawili wamekaa kwenye meza wakitaja namba. Kisha kwaya inaingia taratibu na kuanza kuhesabu. Watu wa kawaida ukumbini waliendelea kuzungumza na kutafuta viti, wakidhani mitambo inajaribiwa. Lakini nyuma yangu mwalimu mmoja wa kwaya aliinamisha kichwa, akaanza kugonga mgongo wa kiti kwa kidole, na baada ya mizunguko kadhaa akasema kwa sauti ya chini, "La, so, do. Nne, sita, nane." Alikuwa ameshika kila kitu. Sauti ya la inakaa mapigo manne, so mapigo sita, do mapigo nane, na kile ambacho kwaya inakihesabu ni urefu wa sauti hizohizo. Mama mmoja wa sauti ya pili, aliyekaa kando yake, akamgeukia: "Mwalimu, naona hawa bado wanafanya zoezi. Wimbo wenyewe unaanza saa ngapi?" Mwalimu akamjibu bila kuacha kugonga, "Mama, ndio wenyewe huo."

Sijasoma uhakiki wowote wa opera hii ulioifikia shabaha kwa haraka namna ile. Glass aliweka namba na majina ya nota wakati wa mazoezi ili kuwasaidia waimbaji kukumbuka mdundo na sauti zao. Baadaye akaona hakuna haja ya kuweka maneno mengine, na msaada ukawa ndio maandishi ya opera. Mhakiki wa Ulaya huueleza uamuzi huo kama fumbo la kifalsafa, kwamba mwanafizikia anawakilishwa na namba. Labda. Mwanakwaya wa Mbeya au Iringa anaujua kutoka ndani, kwa sababu siku za kwanza za kujifunza wimbo mpya hupita zote katika do, re, mi, kila sauti na mstari wake, kabla neno hata moja halijatamkwa. Kwetu nota ni ngazi, ukishapanda unaiondoa ukutani ili wageni waione nyumba. Glass aliiacha ngazi ukutani na nyumba hakuijenga, kisha akawaita wageni. Mama yule hakukosea kuliita zoezi. Jambo la kubishania ni kama zoezi linaweza kutosha, na kwa sehemu kubwa ya alasiri ile mimi nilisadiki kwamba linatosha.

Sababu ni namna muziki huu unavyokua. Kikundi kidogo cha nota kinarudiwa mara nyingi, kisha kinaongezwa nota moja au mbili, kinarudiwa tena, kinaongezwa au kupunguzwa, na sikio lililokwisha kukizoea linajikwaa kidogo, linajirekebisha, linaendelea. Glass alijifunza kufikiri hivyo mjini Paris katika miaka ya 1960, alipopewa kazi ya kuandika kwa nota za Kizungu muziki wa filamu wa Ravi Shankar wa India, ambako mdundo hujengwa kwa kuunganisha vipande vidogo badala ya kugawa kipimo kikubwa. Asiyefahamu hilo huona marudio matupu. Anayehesabu, kama mwalimu yule, husikia ujenzi unaoendelea bila kusimama, na sura yake ilikuwa ya mtu anayefuatilia mpira.

Sasa nirudi kwenye deni. Katika saa ya kwanza nilitazama milango zaidi ya ukuta wa projekta, kwa sababu kulikuwa na mambo huko. Ingawa tulikuwa tumetangaziwa kwamba kutoka ni ruhusa, hakuna aliyetoka bila kuaga. Watu waliinama walipopita mbele ya wenzao, walifika kwa waandaaji, wakashikana mikono, wakaeleza: nina mgonjwa, mtoto yuko peke yake, gari la Tukuyu halingoji. Mzee mmoja aliyevaa koti zito aliwaaga waandaaji wote mmoja mmoja, akisema ana mgeni nyumbani. Baada ya kama saa moja akarudi na mfuko wa parachichi, akaketi kwenye kiti kilekile, akauweka mfuko kati ya miguu yake, wala hakumweleza mtu kuhusu mgeni.

Tabia ile ilikuwa sahihi kabisa kwa shughuli zote ndefu tunazozijua, na ndiyo maana inafaa kuitazama. Kwenye sendofu tunakaa kwa kuwa tumechangia, kamati ina majina yetu, shangazi wa binti anatuhesabu kwa macho, na siku yetu ikifika tutahitaji wale wale waje. Msibani tunakaa kwa sababu kutokuwepo kwetu kutasemwa. Kwenye mkesha tunakaa kwa ajili ya Mungu na, tuseme kweli, kwa ajili ya jirani wa benchi pia. Kila saa ina hesabu yake katika daftari la uhusiano, na mshereheshaji akichosha au hotuba ya mjomba ikirefuka, tunavumilia kwa kuwa kinacholipwa hapo ni udugu. Burudani ikipatikana ni nyongeza. Sisemi hivyo kwa kubeza. Ni mpango wenye akili, na umetufundisha uvumilivu ambao watazamaji wa miji mingi mikubwa hawana.

Opera ya Glass na Wilson haina daftari. Ukiondoka hakuna wa kukuuliza, ukibaki hakuna wa kukushukuru, na hakuna mhusika jukwaani ambaye hatima yake inakungoja. Hata kisa, ambacho katika hadithi ndefu hufanya kazi ya udugu kwa kutufunga na mtu fulani hadi tujue mwisho wake, kimeondolewa. Mtazamaji wetu anayejua kuvumilia anafika na uvumilivu wake, na haoni pa kuulipia. Nadhani hilo ndilo lililowachosha walioondoka wasirudi, ambao kwa haki walikuwa wengi. Walizoea kukaa kwa ajili ya mtu.

Mabadiliko yalikuja kama saa mbili baada ya kuanza, na yaliletwa na umeme. Ulikatika katikati ya onyesho, ukumbi ukawa na mwanga wa alasiri tu kutoka milangoni, watu wakaenda kwenye chai. Uliporudi, kijana wa mitambo akauliza tulikuwa tumefika wapi. Mtu akasema mahakamani. Mwingine akauliza mahakama ipi, kwa kuwa picha ya mahakama inatokea katika tendo la kwanza na kurudi katika la tatu, ikigeuka nusu jela. Mwingine akasisitiza kwamba tulikuwa kwenye dansi. Ubishi ukawa mkubwa, wenye vicheko, kila mtu akitaja alichokiona mwisho: hakimu mtoto, saa ya ukutani, mwanamke kwenye kitanda, treni usiku ikiwa na mume na mke nyuma ya behewa. Katika mchezo wenye kisa swali lile lingejibiwa na mtu mmoja kwa sentensi moja. Hapa lilihitaji ukumbi mzima, na mwishowe tukaanzishiwa mahali ambapo, nina hakika, wengine walikuwa tayari wamepaona, wala haikuwadhuru. Tangu hapo watu walitoka na kuingia bila kuaga. Waliongea mlangoni na vikombe mkononi, wakageuka kutazama pale muziki ulipobadilika, wakarudi vitini au wasirudi. Ndipo kwa mara ya kwanza tulipoitazama opera hii kama ilivyokusudiwa kutazamwa.

Hapo zilianza kusikika hukumu mbili ambazo zote mbili nazikataa. Ya kwanza ni kwamba hiki ni kitu cha Wazungu, hakituhusu. Nimekwisha kueleza kwamba mbinu yake ya mdundo imetoka India, na anayefuatilia kazi za Glass zilizofuata atakuta opera ya mwaka 1980, Satyagraha, inayohusu miaka ya Gandhi huko Afrika Kusini na inayoimbwa kwa Kisanskriti, kisha Akhnaten ya mwaka 1984, inayomhusu farao wa Misri. Inatosha.

Hukumu ya pili ina mvuto zaidi, nayo ni kwamba hii ni ngoma yetu tu iliyovalishwa suti. Waliosema hivyo walikuwa na hoja. Mmoja wao, aliyekulia Ludewa, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, alitoa mfano wa mganda, na mfano huo ni mzuri kiasi kwamba unastahili kujibiwa kwa makini. Mganda ulienea kwenye mwambao huo baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ukiiga gwaride la askari. Wachezaji husimama kwa mistari wakiwa nadhifu, ngoma kubwa ikapigwa, na vibuyu vyenye utando vikatoa ile sauti ya kukoroma inayobeba wimbo. Hatua moja hurudiwa kwa muda mrefu, kisha hubadilika, na mashindano huweza kula siku nzima huku watazamaji wakienda kula na kurudi. Marudio yapo, na urefu upo. Uhuru wa kuondoka nao upo, tena haukuhitaji kutangazwa na mtunzi yeyote.

Lakini tazama badiliko linavyokuja. Katika mganda kiongozi hupuliza filimbi, mstari mzima hugeuka, na watazamaji hujibu papo hapo kwa vigelegele na kwa kuingia uwanjani kuwatunza wachezaji. Badiliko ni tukio la hadhara, lina mwenyewe, na lina malipo. Anayerudi kutoka kula huulizia kwanza ni kundi gani linaongoza, kisha anajiunga na upande wake. Katika opera hii badiliko huja bila filimbi. Nota moja imeongezwa, mkono wa mchezaji umeinuka kwa kipimo kidogo, kivuli cha treni kimesogea, na hakuna anayekuomba ulione. Ukiliona, ni siri yako. Mganda hurudia ili kuwakusanya watu, na kwa maoni yangu opera ya Wilson hurudia ili kumwacha kila mmoja na macho yake. Kuziita kitu kimoja ni kuzinyima zote mbili heshima yake, na mganda, ambao ni kazi ya watu wengi wenye ushindani na fahari, ndio unaopoteza zaidi.

Si kila kitu kilinipendeza. Katika sehemu ya pili ya mahakama, Childs aliandika maneno ya mwanamke aliyelala kitandani akirudia, makumi ya mara, jambo dogo la kuwa dukani na kuona kofia za kuogelea. Nimesoma sifa nyingi kuhusu kipande hicho. Kwa asiyeishi kwa Kiingereza ni mchoko mtupu, kwa sababu hapo marudio hayaongezi wala kupunguza kitu, na kinachobadilika ni lafudhi tu, ambayo mgeni wa lugha hawezi kuisikia. Na hapa waandaaji walikosa jambo moja la muhimu: hawakutuambia kwamba maneno hayana kisa. Matokeo yake, wasiojua Kiingereza walidhani kuna hadithi wenzao wanaifuata, na wanaokijua walionekana wanaficha kitu. Tangazo la dakika moja lingeondoa unyonge huo. Maneno pekee yaliyohitaji kweli kutafsiriwa ni yale ya mwisho, ambapo dereva wa basi anasimulia habari za wapenzi wawili kwenye benchi usiku wa mbalamwezi. Baada ya saa nne za namba, simulizi nyepesi kama ile inagonga kwa nguvu isiyotarajiwa, na nusu ya ukumbi iliikosa.

Kamera nayo ina lawama. Jukwaa la Wilson limepangwa ili macho yatembee yenyewe: mtu wa mbele hasogei kabisa, mwingine pembeni anachora hewani kwa kidole, wa tatu dirishani juu ya jengo anakokotoa hesabu huku saksofoni ikiimba chini yake na umati ukikusanyika. Aliyeko ukumbini huamua amtazame nani. Rekodi humwamulia, ikimletea uso wa mtu mmoja wakati yeye angetaka kujua treni imefika wapi. Uhuru wa mlango tuliupata, wa macho tukaukosa, na huu wa pili nadhani ndio uliokuwa na thamani zaidi.

Hata hivyo kuna sehemu ambayo projekta haikuishinda, nayo imo katika tendo la nne, baada ya mahakama zote, treni zote na dansi zote. Jukwaa ni jeusi. Kile kilichokuwa kitanda mahakamani kimebaki kuwa mhimili mmoja wa mwanga mweupe, umelala chini. Kinanda kinapiga peke yake. Kisha ncha moja ya mwanga huo inaanza kuinuka, taratibu kiasi kwamba mwanzoni huna uhakika, na sauti ya mwanamke inaingia bila maneno, na mwanga unaendelea kuinuka mpaka usimame wima, halafu unapaa wote hadi utoweke juu ya jukwaa. Hakuna kingine kinachotokea kwa dakika nyingi. Watu waliokuwa mlangoni na vikombe waliacha kunywa. Mwalimu wa kwaya hakuwa anagonga tena kiti. Mzee wa parachichi alisogea mbele hadi ukingoni mwa kiti chake, kama mtu anayesubiri penalti ipigwe.

Baada ya onyesho, likiwa limepita saa kumi na mbili jioni na giza limeanza kuingia, waandaaji waliomba maoni, na pendekezo lililopata makofi mengi lilikuwa kwamba safari nyingine zichaguliwe dakika arobaini nzuri zaidi, watu waone kisha wajadili. Ni pendekezo la watu wenye nia njema, nami nililipima kwa njia ninayoiona ya haki. Siku chache baadaye nilikitazama kipande kile cha mwanga kwenye simu, peke yake, kwa sauti nzuri na bila umeme kukatika. Niliona taa inayoinuliwa kwa kamba. Ilikuwa safi, ya kupendeza, na baada ya dakika mbili kidole changu kilikuwa kinaisogeza mbele. Kile kilichokuwa kimewanyamazisha watu wa mlangoni kilitengenezwa na saa tatu na zaidi zilizotangulia, zikiwemo zile za kuchosha, kwa kuwa zilikwisha kutuzoesha kutarajia badiliko dogo kupita kiasi, na hapo likaja moja linaloonekana na kila mtu, hata aliyesimama nje. Kwa hiyo wakiniuliza tena kuhusu kukata, nitasema isikatwe hata goti moja. Wakate hotuba ya utangulizi, watafsiri maneno ya dereva wa basi, watafute ukumbi wenye jenereta, na waongeze chai, maana iliisha mapema kuliko tendo la tatu.